Besi ya roki isiyopotea bendi ikianza: mwongozo kamili kuanzia nyuzi hadi spika

Ukiwa peke yako chumbani, besi inanguruma mpaka vioo vinatikisika. Bendi ikianza tu, hausikiki. Unaongeza sauti, mpiga solo naye anaongeza ya kwake, mwisho chumba kizima kinavuma na hakuna anayejua unapiga noti gani.

Wanaokwama hapa karibu wote hufanya kosa moja: wanaongeza besi kwenye ampu (kikuza sauti). Uzi wa E ukipigwa wazi hutoa takriban Hz 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), eneo ambalo sikio la binadamu halisikii vizuri na ambalo ngoma ya mguu tayari inalibana. Kinachomfanya msikilizaji ajue umepiga noti ipi ni sauti za kati, kati ya Hz 400 na 1,000 hivi, pamoja na ule mlio wa uzi unapoguswa.

Sauti hiyo haitoki kwenye pedali. Inaanzia kwenye uzi, inapita shingo, pikapu (sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi) na mkono, ndipo inafika kwenye ampu. Hatua iliyoharibika haitengenezwi na inayofuata, kwa hiyo usiruke hata moja na usibadilishe mpangilio.

## Vifaa

- Gitaa la besi la nyuzi 4. Vipimo vya hapa ni vya gitaa la inchi 34, yaani milimita 864 kutoka kizingiti cha kichwani hadi kwenye daraja.
- Seti mpya ya nyuzi, unene wa inchi 0.045 hadi 0.105.
- Alenki inayoingia sawasawa kwenye fimbo ya shingo, na nyingine ndogo ya vikalio (vile vipande vya chuma kwenye daraja ambavyo kila uzi unavikalia).
- Bisibisi ya msalaba na koleo la kukatia.
- Fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi) kama ile ya mafundi wa pikipiki, na rula yenye nusu milimita.
- Kapo (kibano kinachokandamiza nyuzi zote kwenye shingo).
- Mashine ya kutuni. Programu ya simu inafaa, ila kwenye uzi wa E nyingi huyumba. Ile ya kubana kichwani mwa gitaa au ya pedali inatulia zaidi.
- Ampu ya besi na spika zake. Wati 100 zinatosha mazoezi ya taratibu. Ukiwa na mpiga ngoma wa roki anayepiga kwa nguvu, anzia wati 300.
- Kebo ya gitaa, na kebo ya spika kama ampu na boksi vimetengana. Hizi ni kebo mbili tofauti.
- Pedali ya distosheni yenye nobu ya kuchanganya sauti safi na iliyokwaruzwa.
- Simu ya kurekodia.

## Hatua ya 1: Chagua mpiga besi mmoja wa kumfuata

Ukitaka sauti ya watu wanne kwa wakati mmoja, utanunua vifaa vinavyopingana. Chagua mmoja, kisha angalia mambo matatu tu: aina ya nyuzi, anapiga kwa nini, na ampu yake inasisitiza nini.

John Entwistle wa The Who: nyuzi za kukwaruza (zilizozungushiwa waya wa duara) za chuma za Rotosound, ambazo alishiriki kuziboresha katika miaka ya 1960. Sauti kali kama piano. Ukimfuata yeye, nyuzi mpya ni lazima, maana ukali huo hufifia mapema.

Lemmy wa Motörhead: gitaa la Rickenbacker, piki (kipande kidogo cha kupigia nyuzi), ampu za Marshall zilizofunguliwa sana, sauti ya kati juu, besi na trebo (sauti za juu) chini. Huyu anajaza nafasi ya gitaa la ridhimu. Kama bendi yako ina magitaa mawili tayari, sauti yake itagombana nayo.

Steve Harris wa Iron Maiden: gitaa la Precision Bass, nyuzi laini (zilizozungushiwa waya bapa), vidole bila piki. Wengi hudhani ule mlio wake mkali unatokana na nyuzi za kukwaruza. Hapana, unatokana na vidole vinavyogonga uzi kwa nguvu mpaka unapiga freti (vile vyuma vinavyokata shingo).

John Paul Jones wa Led Zeppelin: gitaa la Jazz Bass na vidole, sauti nene inayoacha nafasi kwa wengine. Kwa anayeanza, huyu ndiye wa kumfuata. Sauti yake inakaa vizuri karibu katika bendi yoyote.

Umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Nyuzi laini, vidole, sauti ya kati juu kidogo." Iandike. Utairudia kila utakapotamani kifaa kipya.

## Hatua ya 2: Badilisha nyuzi

Nyuzi zilizojaa jasho hazituniki vizuri, na vipimo vyote vinavyofuata vitakuwa vya uongo. Toa uzi mmoja, weka mpya, ndipo uende kwa mwingine, ili shingo isipoteze mvuto wote kwa mara moja.

Pitisha uzi kwenye daraja, uvute hadi kichwani, kisha upime sentimita 10 hadi 12 kupita kigingi chake. Ukunje kwanza kwa pembe kali, ndipo ukate mbele ya kunjo. Ukikata kabla ya kukunja, ule waya wa nje hulegea juu ya kiini, na uzi mpya unatoa sauti iliyokufa siku hiyo hiyo. Kosa hili huwafanya watu walaumu nyuzi bure.

Zungusha mara mbili au tatu kuelekea chini, mizunguko isipandane. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalijui: bonyeza uzi kwa kidole gumba mbele kidogo ya kikalio na nyuma kidogo ya kizingiti, ili ukae kwa pembe safi. Uzi unaopita hapo kwa kupinda kama upinde huyumba sauti.

Vuta kila uzi taratibu, tuni tena, rudia mpaka usishuke. Ukitaka kushusha tuni ya gitaa zima hadi D au chini zaidi, nunua seti nene. Nyuzi za 45 hadi 105 zikishushwa sana hulegea na kupiga freti kila mahali.

## Hatua ya 3: Nyoosha shingo

Hapa ndipo magitaa mengi yanapoharibiwa, kwa hiyo soma yote kabla ya kushika alenki.

Nyuzi nne zinavuta shingo kwa zaidi ya kilo 70. Fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo inavuta upande wa pili. Shingo inatakiwa iwe na mpindo mdogo sana kuelekea mbele, kwa sababu uzi ukitetemeka hupanuka zaidi katikati na unahitaji nafasi ya kucheza.

Pima. Gitaa liwe limetuniwa, umelishika kama unavyopiga, si limelazwa mezani. Funga kapo kwenye freti ya 1. Bonyeza uzi wa E pale shingo inapoungana na mwili. Uzi sasa umekuwa rula iliyonyooka. Ingiza fila geji kati ya sehemu ya chini ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Unatafuta milimita 0.30 hadi 0.35. Geji ipite ikigusa uzi bila kuuinua.

Rekebisha. Nafasi ikizidi, zungusha nati ya fimbo kwa mwelekeo wa saa. Ikipungua au isipokuwepo kabisa, zungusha kinyume. Robo mzunguko kwa mara moja, isizidi. Tuni tena, subiri dakika chache, pima upya. Mbao haijibu papo hapo, na shingo nyingine huendelea kusogea hadi kesho yake.

Tahadhari. Alenki ya milimita 5 na ile ya inchi 3/16 zinafanana sana machoni, ila moja ikiingia kwenye tundu la nyingine hula kona za nati. Kona zikishalika, hiyo ni kazi ya fundi na si ndogo. Alenki ikicheza ndani ya tundu, usizungushe. Nati ikigoma kwa nguvu ya kawaida ya vidole na kiganja, acha. Usiongeze bomba la kurefusha mkono wa alenki.

Kosa jingine ni kutumia fimbo hii kushusha nyuzi. Nyuzi zinashuka kweli, lakini freti za mwanzo zinaanza kupiga kelele. Fimbo ni ya mpindo peke yake. Kimo kina skrubu zake.

Umefaulu ukipiga freti ya 1 hadi ya 5 kwa nguvu ya kawaida na usisikie kelele za chuma.

## Hatua ya 4: Kimo cha nyuzi

Kapo ibaki freti ya 1. Pima kutoka juu ya freti ya 17 hadi chini ya uzi: uzi wa E milimita 2.4, wa G milimita 2.0, na A na D katikati yake kwa kufuata mviringo wa ubao wa shingo. Unazungusha skrubu mbili ndogo za kila kikalio, sawa kwa sawa, ili kisilale upande.

Anayepiga roki kwa piki au kwa vidole vizito aongeze kidogo, hadi 2.8 kwa uzi wa E. Nyuzi za chini sana ni raha ukiwa umekaa kitandani. Jukwaani mkono unapiga kwa nguvu maradufu, na kila noti inakufa mapema kwa sababu uzi unagonga freti.

Kelele ikitokea juu ya freti ya 12 tu, nyuzi ziko chini mno. Ikitokea ukibonyeza freti moja peke yake, freti hiyo imelika au inayofuata imeinuka, na hapo alenki haisaidii.

## Hatua ya 5: Linganisha oktava

Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 upate hamoniki (sauti nyembamba kama ya kengele), kisha bonyeza freti hiyo hiyo na upige. Mashine ya kutuni ionyeshe noti ile ile.

Noti iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha kikalio nyuma, kuelekea mwisho wa daraja. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Legeza uzi kidogo kabla ya kusogeza, kisha tuni upya kila mara. Usijaribu hatua hii na nyuzi kuukuu. Zimechakaa kwa namna isiyo sawa, na utamaliza saa nzima bila kupata jibu.

## Hatua ya 6: Kimo cha pikapu

Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho. Upande wa E acha karibu milimita 3 kati ya uzi na pikapu, upande wa G karibu milimita 2. Piga nyuzi zote nne kwa nguvu moja. Ikiwa mmoja unazidi, shusha upande wake kwanza kabla ya kuinua mwingine.

Pikapu ikikaribia mno, sumaku inavuta uzi. Utasikia sauti inayoyumba kama noti mbili zinagombana, hasa ukipanda juu kwenye uzi wa E. Watu hurudi kuhangaika na oktava kumbe tatizo ni sumaku.

Wenye Jazz Bass: pikapu zake mbili huua mvumo wa umeme zikiwa wazi kwa kiwango sawa. Ukifunga moja, mvumo unarudi. Hiyo ni tabia yake, si ubovu. Wenye magitaa ya betri: chomoa kebo ukimaliza, maana kwa kawaida jeki ikiwa na kebo ndani betri inaendelea kuliwa.

## Hatua ya 7: Mkono kabla ya ampu

Piga uzi wa A wazi karibu na shingo, kisha sogeza mkono taratibu hadi karibu na daraja huku ukisikiliza. Sauti inatoka kuwa nene na laini, inakuwa kavu na kali. Umebadilisha sauti yako bila kugusa nobu yoyote. Kwa roki, anzia juu ya pikapu. Jazz Bass ianzie kati ya pikapu mbili.

Nyuzi usizopiga zinyamazishwe. Kidole gumba kilale juu ya uzi wa E unapopiga D na G, na vidole vya mkono wa kushoto viguse nyuzi zilizobaki. Mvumo wa nyuzi zilizoachwa huru ndio unaofanya besi isikike kama matope. Hakuna ampu duniani yenye nobu ya kuuondoa.

Wanaotumia piki waanze na unene wa milimita 0.88 hadi 1.0. Nyembamba zaidi hutoa mlio wa plastiki kuliko wa uzi.

## Hatua ya 8: Ampu, bendi ikiwa inapiga

Kwanza usalama. Soma ampu inakubali omu (kipimo cha ukinzani wa umeme wa spika) ngapi kwa uchache. Boksi mbili za omu 8 zikiunganishwa kwa kawaida huwa omu 4. Boksi mbili za omu 4 huwa omu 2, na ampu nyingi za transista hazistahimili hapo. Ampu ya valvu isiwashwe kamwe bila spika, kwani huunguza transfoma. Na kebo ya gitaa isiunganishe ampu na spika hata kwa dakika tano. Waya wake ni mwembamba, unapata moto.

Nobu zote za toni ziweke katikati. Piga kwa nguvu kama utakavyopiga kwenye wimbo mzito kuliko yote, ongeza gein (nguvu ya sauti inayoingia kwenye ampu) mpaka taa nyekundu imulike kwenye pigo kali tu, kisha rudi nyuma kidogo. Sauti ya jumla panga baadaye.

Sasa iambie bendi ipige wimbo mmoja mfululizo. Usipange toni ukiwa peke yako, maana sikio lako litapenda kile kile kitakachopotea.

1. Punguza besi kidogo. Ndiyo, punguza. Ngoma ya mguu inapata nafasi yake, na ampu inapata nguvu ya kutumia kwingine. Noti ya E haitapotea: sikio huijua kwa kuunganisha sauti zake za juu, hata ile ya Hz 41 ikiwa hafifu.
2. Ongeza sauti ya kati polepole kwenye Hz 500 hadi 800 mpaka noti zianze kuhesabika. Peke yake itasikika kama unaimba kupitia pua. Ndani ya bendi inasikika kama besi.
3. Kukiwa bado na ukungu, punguza Hz 200 hadi 250.
4. Trebo ongeza mwisho, kidogo, kwa ajili ya mguso wa uzi. Ikizidi, inagombana na matoazi.

Boksi la spika likiwa sakafuni, sauti za kati zinapiga magoti yako na unaamini hazipo. Liinue au liinamishe lielekee kichwani. Likikaa kwenye kona ya chumba, besi inavimba. Livute mita moja mbele kabla hujagusa nobu.

## Hatua ya 9: Distosheni bila kupoteza uzito

Pedali nyingi zikikwaruza sauti hula sehemu ya chini. Ndiyo maana ile yenye nobu ya kuchanganya ni ya lazima. Anza na nusu safi, nusu iliyokwaruzwa. Weka gein chini kuliko unavyotamani, kwa sababu magitaa yanaongeza ukali juu yako na mkwaruzo mwingi unafuta pigo la mwanzo la noti.

Mpangilio: mashine ya kutuni, kompresa (pedali inayosawazisha noti za nguvu na hafifu) kama unayo, distosheni, kisha ampu. Kompresa anzia uwiano wa 4 kwa 1, na isishike haraka mno, ili mguso wa uzi upite kwanza.

Ukichanganya na besi ikawa nyembamba kuliko ilivyokuwa safi peke yake, pedali inageuza wimbi: safi inapanda wakati iliyokwaruzwa inashuka, zinafutana. Kama kuna swichi ya fezi, igeuze. Kama haipo, pedali hiyo haifai kuchanganywa namna hii, itumie peke yake au tafuta nyingine.

Angalia adapta kabla ya kuchomeka. Pedali nyingi zinataka volti 9 zenye hasi katikati ya plagi, ila si zote. Soma alama iliyo ubavuni mwa pedali. Na kama boksi lako lina twita (spika ndogo ya sauti za juu), ishushe unapowasha distosheni, la sivyo mkwaruzo utasikika kama nyuki kwenye kopo.

## Hatua ya 10: Jaribio la simu

Weka simu mita 4 au 5 mbele ya bendi, kimo cha kichwa cha msikilizaji, mbali na ukuta. Rekodi wimbo mzima, usikilize kwa spika ya simu yenyewe, bila hedifoni.

Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa Hz 41. Kwa hiyo ukifuata noti za besi hapo, maana yake sauti zako za kati zinafanya kazi. Mpe rekodi mtu asiye mwanabendi aimbe bila maneno laini ya besi ya kiitikio. Akiiweza, umefaulu.

Asipoiweza, usirudi mwanzo. Sikiliza kinachokosekana:

- Anasikia mngurumo, hasikii noti: hatua ya 8, namba 1 na 2. Kisha kagua kunyamazisha nyuzi.
- Noti zinasikika, kisha zinakatika ghafla: kimo au mpindo wa shingo, hatua ya 3 na ya 4.
- Noti nyingine zinaruka juu, nyingine zinazama: kimo cha pikapu, au mkono haulingani. Rekodi ukipiga noti nane za uzi mmoja kwa kufuata metronomu bila kompresa, utajua ni lipi.
- Besi inapotea mpiga ridhimu anapoingia tu: mwombe apunguze besi ya ampu yake. Gitaa likipigwa peke yake hupendeza likiwa nene, lakini unene huo unakaa pale pale unapokaa wewe. Akipunguza, yeye pia atasikika vizuri zaidi, na hutalazimika kuongeza sauti.